Mabibi Wawili na Vipele vya Maimai

Nilimzaa Maimai tarehe tatu Julai, mwezi ambao huku Shunde, kusini mwa China, kwa joto hata mbwa hatoki chini ya gari. Siku ya nne nilirudi nyumbani, ghorofa ya tisa, na mama mkwe akafunga madirisha yote, akaziba nyufa kwa utepe wa plastiki, akanivisha kofia ya sufu na soksi mbili kila mguu. Kisha akanisomea sheria. Mwezi mzima sitoki nje. Sioshi nywele. Maji ya baridi sigusi, sinywi, wala siyatazami kwa hamu. Upepo usinipate hata wa mlango, kwa sababu mzazi viungo vyake viko wazi, na upepo ukiingia sasa utajitokeza nikiwa na miaka sitini, magotini.

Kazi yangu mimi ni kufundisha watoto kuogelea.

Mume wangu, Zhaoming, ni fundi wa kiwanda cha viyoyozi. Mikono yake imepoza hoteli nzima nzima. Kile cha chumbani kwetu mama yake alikichomoa kwenye umeme na kukifunika shuka, kama kioo cha nyumba yenye msiba.

"Zungumza na mama yako," nilimwambia.

"Nitazungumza," akasema, akaondoka kwenda kazini saa mbili kabla ya zamu. Kazini kuna ubaridi.

Mama mkwe hakuwa daktari. Alikatisha tiketi kituo cha mabasi miaka thelathini, akastaafu, na tangu hapo akawa mjuzi wa ndimi za watu. Ukikutana naye kwenye lifti, kabla hujamsalimu ameshakwambia utoe ulimi. Jirani wa ghorofa ya sita ana moto wa ini. Mlinzi wa getini figo zimelegea. Mimi nilikuwa na ubaridi na unyevu, vyote viwili, na dawa yake ilikuwa miguu ya nguruwe iliyochemshwa kwa siki nyeusi na tangawizi, bakuli tatu kwa siku.

"Mama, sihisi baridi hata kidogo," nilisema, jasho likinidondoka kwenye bakuli.

"Ndiyo maana ni hatari. Ubaridi unaohisiwa huo ni mdogo. Kula."

Siku ya kumi akafika mama yangu mzazi. Kwetu ni Hunan, milimani, na alikuja kwa gari la jirani, na kuku wawili hai, nyama iliyokaushwa kwa moshi, na ndoo ya pilipili za kuvundika. Alinitazama pale kitandani, akanusa bakuli langu, akaliweka chini taratibu kama mtu anayeweka kidhibiti cha polisi.

"Wanakulisha siki? Siki inakaza damu, mwanangu. Damu ya uzazi itoke, wao wanaifungia ndani."

Akaingia jikoni. Baada ya saa moja nikaletewa supu ya kuku nyekundu hadi ukingoni. Kwa mama, jimbo hili zima la Guangdong ni kinamasi, na mtu akikaa kwenye kinamasi unyevu humpanda kutoka kwenye nyayo. Kinachoutoa ni pilipili tu.

Mama mkwe alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Mkwe wangu," alisema kwa ile adabu inayokata, "pilipili inashuka kwenye maziwa. Mtoto atawaka."

"Mkwe wangu, mimi nimelea wanne kwa pilipili. Wote wana akili."

"Huku kwetu ndiko kwenye elimu ya mwili. Toka zama na zama."

"Naona. Ndiyo maana kila mtu ninayekutana naye humu anaumwa."

Kuanzia hapo nilikuwa na bakuli mbili kila mlo, na kila mwenye bakuli alisimama pembeni hadi nilimalize. Nikila cha huyu, yule anaharakisha kupika cha kukitengua. Usiku walilala chumba kimoja, vitanda viwili, na kupitia ukutani nilisikia wakibishana kuhusu tende nyekundu, kama zina joto au zina uvuguvugu.

Siku ya kumi na nne Maimai akaota vipele. Vyekundu, vidogo kama mtama, shingoni, kwapani na mgongo wote. Alilia hadi sauti ikamkauka.

"Pilipili," alisema mama mkwe, na nadhani kuna sehemu yake iliyofurahi.

"Siki na tangawizi," alisema mama. "Mmemchachusha mtoto."

"Labda ni joto tu," nilisema. "Chumba ni kama jiko. Mimi mwenyewe nimetoka vipele chini ya hii kofia."

Waligeuka pamoja.

"Mzazi haongei sana," akasema mmoja.

"Anapoteza nguvu," akamalizia mwingine.

Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu wakutane. La pili lilifuata hapo hapo: kwamba mtoto afunikwe zaidi. Mama mkwe aliongeza blanketi ili sumu itoke kwa jasho. Mama aliongeza kizibao cha pamba alichokishona mwenyewe, ili upepo usivisukume vipele kurudi ndani. Kufika jioni binti yangu alikuwa na uso tu. Vilivyobaki vyote vilikuwa nguo.

Usiku ule sikulala. Nilimsikiliza akigumia, nikajiona mjinga, mtu mzima mwenye digrii na kifua cha muogeleaji, nimelala na kofia ya sufu kwa kuogopa wanawake wawili wafupi. Alfajiri nikamwambia Zhaoming kwamba asipofanya kitu nitashuka ghorofa zote tisa kwa ngazi na mtoto, peku, na nitampitisha kwenye upepo wote nitakaoukuta.

Akafikiri, akapata wazo, na siku hiyo nilikumbuka kwa nini niliolewa naye. Hakupendekeza hospitali, ambako mabibi wangegoma. Alipendekeza Daktari Liao. Huyo ni mama wa miaka sabini na sita mwenye chumba cha tiba nyuma ya soko la mboga. Mama mkwe amemwamini miaka ishirini. Mama yangu alishasikia jina lake huko kwetu milimani. Kila mmoja alikubali haraka, maana kila mmoja alikuwa na uhakika wa kushinda kesi.

Nilipelekwa nimefunikwa kama mwizi aliyekamatwa na polisi: shuka, kofia, barakoa, na mwavuli wa kuzuia upepo usiokuwepo. Tulipanga foleni hadi saa nne. Daktari Liao alikaa kwenye kiti cha mianzi mbele ya ukuta wa vidroo vidogo vya majani na magome, feni ikimpepea shingoni. Hakuwa amefunika chochote.

Mabibi wakaanza kwa pamoja. Moto wa ini kupitia maziwa. Damu iliyokazwa na siki. Unyevu. Tende. Mama mkwe alitaja vitabu. Mama alitaja watoto wake wanne mmoja mmoja na kazi wanazofanya.

"Mmemaliza?" daktari aliuliza.

Akanyoosha mikono, nikampa mtoto. Akafungua blanketi. Chini yake blanketi. Chini yake kizibao. Chini yake fulana ya mikono mirefu, suruali, na kitambaa cha tumboni. Kila alipofungua aliweka nguo mezani bila kusema, na rundo likapanda hadi karibu na kidevu chake. Maimai alipobaki na nepi tu, feni ikamgusa, akanyamaza. Akanyoosha miguu, akapiga miayo.

"Huyu haumwi," alisema Daktari Liao. "Huyu amepikwa. Kwa mvuke, kama samaki. Mvaeni nguo moja nyepesi, mwogesheni kwa maji ya uvuguvugu, mfungue madirisha."

Mama mkwe akatoa kalamu mkobani.

"Na dawa?" mama mkwe aliuliza.

"Hakuna dawa."

"Hata majani kidogo ya kuogea?"

"Dirisha," alisema daktari. "Andika kama utasahau."

Akanishika mkono, vidole vitatu juu ya mshipa, akatazama ulimi wangu uliochakaa kwa kutazamwa. Aliniambia niache siki na niache pilipili, nile wali, mboga, mayai, samaki, nioge, nioshe nywele na nizikaushe. Kisha akawageukia wao. Alimpima mama mkwe mapigo ya mkono, akampima mama, akavuta pumzi.

"Nyie ndio wagonjwa. Wewe hulali, na hasira zimekupanda kichwani. Na wewe ndio hivyo hivyo, ukiongeza chumvi nyingi. Kila jioni mtembee saa moja. Mmoja aelekee mtoni, mwingine aelekee sokoni. Msifuatane."

Tulirudi kwa teksi. Nilikaa mbele na mtoto wangu mwepesi, kioo kimeshushwa, nikisubiri vita vianze upya huko nyuma. Badala yake nilisikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia: mama zangu wawili wakinong'onezana.

"Amezeeka," alisema mama mkwe.

"Nilimwona mikono inavyotetemeka."

"Zamani angeandika hata aina kumi na mbili. Watu walitoka pale na furushi."

"Daktari gani hatoi hata jani moja? Dirisha ninalo mwenyewe."

"Na hizo hasira anazosema ninazo."

"Huna hasira, mkwe wangu. Una msimamo."

Walishikana mikono. Niliwaona kwenye kioo cha dereva.

Jioni ile hata hivyo walienda kutembea, kwa kuogopa mapigo yao, na walifuatana, kwa kumkomoa daktari. Mara mlango ulipofungwa, Zhaoming alivua viatu, akapanda kitini, akabandua utepe dirisha baada ya dirisha, akafunua kiyoyozi na kukiwasha. Tulilala sakafuni sote watatu, saa nzima. Tulifanya hivyo kila jioni. Waliporudi walikuta madirisha wazi na hawakuuliza. Siku ya tano ngozi ya Maimai ilikuwa laini kama yai lililomenywa.

"Umeona," mama mkwe aliniambia, akimpapasa mgongo. "Nilikuwa naweka maua ya kupoza kwenye maji yake ya kuogea. Sikusema tu."

"Na mimi nilimpaka mafuta ya mbegu za chai," alisema mama. "Yametoka kwetu. Nilimpaka mlipolala."

Nilidhani watapigana. Walitazamana kama mabingwa wawili waliokutana juu ya jukwaa.

"Maua yalitoa moto," alisema mmoja.

"Mafuta yakafunga njia," alisema mwingine.

Nilifungua mdomo kuzungumzia dirisha, nikaufunga. Nilikuwa nimeanza kuzoea kutopoteza nguvu.

Mtoto alipotimiza mwezi, tulipaka mayai rangi nyekundu na kuwagawia watu. Nilimpelekea Daktari Liao kumi. Foleni yake ilikuwa fupi kuliko mara ile. Mabibi walikuwa wameshaongea na mtaa.

"Samahani, daktari," nilimwambia. "Wanasema umezeeka."

"Nimezeeka kweli," alisema, akimenya yai. "Mtu ukimwandikia majani machungu kumi na mawili anakuheshimu hata yasipomsaidia. Anayanywa huku amefinya pua, anaona amefanya kazi. Ukimwambia alale mapema, anaona umemtukana. Nina wagonjwa wengi waliopona kwa kulala, na hakuna hata mmoja anayenisalimia."

Alikula mayai mawili, akaniambia nisimvalishe mtoto soksi.

Mama alitakiwa kurudi Hunan wiki hiyo. Hakurudi. Mama mkwe alimwomba abaki hadi mtoto atimize siku mia moja, na sasa kila asubuhi wanakaa pamoja kwenye benchi la saruji chini ya jengo letu, mmoja akitazama ulimi, mwingine akishika mkono, na watu wanapanga foleni na vikapu vyao vya mboga. Mmoja anasema una ubaridi, mwingine anasema una moto, na mgonjwa anaenda nyumbani na tiba zote mbili, ameridhika.

Juzi nilikutana kwenye lifti na msichana wa ghorofa ya nne, ana mimba ya miezi minane, uso umemvimba kwa joto na mkononi ana karatasi iliyoandikwa pande zote.

"Dada Lurong," alinong'ona, "mama zako wameniambia vitu viwili tofauti. Nimfuate nani?"

Nilimwambia hakuna wa kumfuata hapo. Nikampa siku na saa za Daktari Liao na njia ya kupita nyuma ya soko.

Alifikiri kidogo.

"Si ndiye yule ambaye haandiki dawa?"

"Ndiye."

"Ah," alisema kwa upole, kama mtu anayekataa chakula kibaya nyumbani kwa watu. Lifti ilipofunguka chini, akaenda kupanga foleni kwenye benchi.