Matete ya Mwanamize

Mwanamize alichoka. Si kuchoka kule kwa kulala ukaamka mzima. Alichoka mpaka hata kulalamika alikuona ni kazi nyingine. Enzi hizo za Mwingereza, kabla ya vile vita vya pili vya dunia, wanawake wengi wa Kariakoo walikuwa na majaruba ya mpunga kule bonde la Msimbazi. Alfajiri hushuka na jembe, jioni hurudi mjini na tope magotini. Jaruba la Mwanamize lilikuwa ukingoni kabisa mwa mto. Nyuma yake, kuelekea nchi kavu, lilikuwa la Zamda, mke mwenziwe. Mume wao, marehemu Seifu, aliwaachia majaruba hayo na chumba kimoja Mtaa wa Mchikichi, wasikilizane wenyewe.

Lililomchosha si jembe, ni kuamia ndege. Mpunga ukianza kutia maziwa, minana, wale ndege wadogo wa manjano, huushukia makundi kwa makundi. Mwenye shamba hukaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti, kuanzia kucha mpaka kuchwa, akipiga debe, akirusha kombeo, akipayuka. Usipoamia, utavuna makapi. Mwaka uliopita Mwanamize alipayuka mpaka sauti ikakauka, na makapi akayavuna vilevile. Na minana hao walilala wapi? Papo hapo, kwenye matete yake ya ukingoni. Walijenga humo, wakataga humo, wakiamka wanakula kwake. Wapangaji gani hao!

Basi kiangazi kilipoingia, akanoa panga.

"Dada, hayo hayakatwi yote," Zamda alimwambia. "Mama mkwe alikuwa akipunguza ya kujengea ua tu, mashina anayaacha. Yanashika udongo."

"Yanashika udongo na ndege pia. Wewe huna habari, wakifika kwako wameshashiba kwangu."

"Mimi nasema tu."

"Sema, mwenzangu. Maneno hayaamii ndege."

Alikata. Na kwa kuwa tete ukilikata huchipua, alichimbua na mizizi, akaianika, akaichoma moto. Mgongo ulimuuma lakini moyo ulitulia. Minana walikuja, wakazunguka juu ya ukingo mtupu, wakaenda zao. Mwanamize akacheka peke yake, kicheko kirefu ambacho hakuwahi kukicheka tangu eda.

Masika yakaja. Msimbazi ukajaa kama unavyojaa kila mwaka, ila safari hii haukukuta cha kuuzuia. Maji yalipiga ukingo, udongo ukameguka vipande vipande. Mwanamize alipanda miche, mto ukaichukua. Akapiga vigingi, mto ukavichukua navyo. Kila akishuka bondeni alikuta shamba limepungua, na alirudi mjini bila kumwambia mtu. Mvua zilipolegea, jaruba lake halikuwepo tena. Maji yalikuwa yanalamba mpaka wa Zamda.

Alishikwa na hofu, maana chakula cha mwaka ndicho hicho kimekwenda. Kisha ikamshika aibu, nayo ilimuuma zaidi. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwake duniani alikuwa Zamda tu.

Kesho yake alimkuta Zamda ameinama kando ya maji, anang'oa mpunga wake mwenyewe, mbichi, wa kijani. Pembeni alikuwa na mzigo wa mashina ya matete aliyoyatoa juu kule mtoni.

"Zamda! Unang'oa mpunga?"

"Nang'oa huu wa mbele, dada, nipate pa kupanda matete. Nikiuacha, mto utaung'oa wote."

Mwanamize alikunja kanga, akaingia topeni. Wakapanda matete mpaka jua likawa kali.

"Nisamehe, mwenzangu," alisema mwishowe, na machozi yakamtoka.

"Nimekusamehe. Chungu chetu ni kimoja, utakaobaki tutaula sote." Zamda alinyoosha kiuno. "Ila matete haya yakishika, minana watarudi."

"Najua."

"Basi utaamia wewe. Mwaka huu, na mwakani."

Mwanamize aliutazama mstari wa matete, mwembamba, unatikisika na maji. Uchovu wote ukamrudia. Akachukua shina lingine, akalizika karibu na lile la kwanza, akalishindilia udongo kwa kisigino.