Mteremko Unaoimbwa

Wimbo huo hakuna asiyeujua. Ni wa bendi ya zamani, magitaa matatu na tarumbeta moja, unasifia safari ya lori kwenye barabara kuu: kuondoka alfajiri, chai ya darajani, vumbi, mpaka taa za nyumbani. Mama alichumbiwa kwa wimbo huo. Marehemu mumewe, dereva, aliuimba hata akinyoa ndevu. Kwa hiyo si kwamba Mama anauchukia. Ugomvi wake ni na ubeti wa tatu tu, na kila mzazi mwenye mtoto barabarani ausikilize vizuri ubeti huo kabla hajamwimbia mwanawe:

"Tukifika mlimani, dereva toa gia, lori lijiendee, linajua njia ya nyumbani."

Kitinda mimba wa Mama, binti, alikuwa mwosha malori kwenye yadi ya tajiri mmoja. Akajifunza, akapata leseni ya magari makubwa. Tajiri akampa safari moja ya majaribio, mzigo wa saruji, na akampandisha Mjomba, kaka yake Mama, dereva mstaafu, awe jicho lake. Mjomba akirudi na sifa, lori ni la binti. Akirudi na mdomo umepinda, binti anarudi kwenye ndoo na brashi. Mama naye akajipakia, eti anakwenda kumwona dada yake. Uongo mtupu. Roho ilikuwa juujuu, hakuweza kubaki nyumbani.

"Unamsaidia kuendesha?" Mjomba akamtania. "Tangu tuondoke unakanyaga breki."

"Nikanyage nini, Kaka? Miguu yenyewe imekufa ganzi."

"Huo wa kulia haujafa. Karibu utoboe sakafu."

Binti akacheka, macho mbele. Usukani mpana kama sinia, na yeye kimbaumbau, lakini lori zima lilikuwa linamtii. Mama akamtazama kwa kuibia, kifua kikajaa.

Walipofika kileleni mwa mlima huo wa wimbo, Mjomba akachomeka kanda. Ndivyo madereva walivyozoea: ukifika pale unaupiga wimbo, unapiga honi, unatoa gia, na lori linateremka lenyewe, mafuta yanabaki, upepo unapuliza dirishani, raha mustarehe.

Binti akasimamisha lori pembeni. Akaangalia kipimo cha upepo wa breki, akaingiza gia ya pili, akaanza kushuka kama mtu anayeshuka ngazi na mtoto mgongoni.

"Hiyo ndiyo nini?" Mjomba akauliza.

"Gia ya pili, Mjomba."

"Ya pili, mteremkoni? Umebeba saruji au umebeba jeneza?"

Nyuma honi zikaanza. Lori moja likawapita kwa kasi, dereva kichwa nje, ubeti wa tatu mdomoni. "Shangazi, egesha ukapike!" akapiga kelele.

Mjomba akajikunyata kwa aibu. "Toa gia, binti. Wenzangu wananiona. Baba yako angekuona hivi, angeficha uso."

Neno hilo lilimchoma. Mama aliuona mkono wa mwanawe ukienda taratibu kwenye gia. Magitaa yakaendelea. Mama akanyoosha mkono, akazima.

"Kaka, umemtaja marehemu, basi nisikilize. Siku moja alirudi kutoka mlima huu huu, shati linanuka breki zilizoungua, kikombe cha chai kinamshinda kushika. Alitoa gia kama wimbo unavyosema. Alipotaka kupunguza mwendo, breki zimechemka, hazishiki. Kama si rundo la mchanga wa mafundi wa barabara lililomsimamisha, huyu binti asingezaliwa. Tangu siku hiyo ubeti wa tatu aliuruka. Hukugundua?"

Mjomba akaigeukia kanda iliyozimwa. "Nilidhani kasahau maneno."

"Mume wangu? Asahau maneno ya wimbo ule?"

Mkono wa binti ukarudi kwenye usukani. "Mjomba, nakuheshimu," akasema. "Ukitaka kumwambia tajiri siwezi, mwambie. Ila gia sitoi."

Injini ikanguruma, ikalikamata lori kama mtu anayeshika shati la mtoto mtundu, na mlima ukaisha polepole.

Chini kuna bomba ambapo madereva hupozea magurudumu. Yule aliyewapita alikuwa pale, anamwaga maji, mvuke unapanda, harufu ya kuungua inakera pua. Kuimba kulikuwa kumemwisha. Mjomba akashuka kwa mazoea yake ya siku zote, akajaza jagi. Akagusa gurudumu la mbele haraka haraka, kama unavyojaribu pasi. Akashangaa. Akaweka kiganja chote. Vuguvugu tu. Akaenda la pili, la tatu, akalizunguka lori lote. Mama akamfuata kwa macho, hajui kaka yake atasema nini.

Mjomba akanywa maji aliyoyachota kupozea magurudumu, mengine akanawa uso. Halafu akapaza sauti:

"Nyinyi! Njooni mguse magurudumu ya mpwa wangu! Njooni, msiogope, hayaunguzi! Na kesho nitamwambia tajiri lori limepata dereva."

Wakaja, mijitu mizima, mmoja mmoja, wakainama na kuweka viganja. Mama akashuka, akasimama mlangoni, mikono kiunoni, utadhani lori ni lake.