Moyo Uko Kulia

Emelyne alishuka kwenye basi la Sibwesa saa mbili asubuhi, ameshika tumbo upande wa kushoto, akapanga foleni hospitalini Mpanda mara ya tatu wiki hiyo. Mapokezini alikuwepo Amosi, karani mwenye mwandiko mzuri na haraka zake.

“Mwanangu, moyo wangu uko kulia,” alimwambia. “Na vya tumboni vimegeuka hivyo hivyo.”

Amosi akaandika: moyo unalia. Akamwelekeza kwa ofisa ustawi wa jamii, kama siku zile mbili, na huko akapewa kiti na pole.

Pole aliihitaji kweli. Marehemu mumewe, Cyriaque, ndiye pekee aliyejua moyo ule ulipo. Wakikumbatiana, wake wa kulia na wa mume wa kushoto ilikutana. Tangu azikwe, wa Emelyne ulipiga bila wa kuuitikia. Lakini pole haitibu kidole tumbo, na chake, kilichokaa kushoto, kilikaribia kupasuka.

Alianguka kwenye korido, mbele ya Daktari Evarist. Daktari alimsikiliza kifuani kushoto, asisikie pigo. Akahamia kulia, akausikia. Alisema mkono wake haujazoea kupasua kidole tumbo cha kushoto, akaagiza kioo kikubwa cha saluni ya Pudensiana, ng’ambo ya barabara. Emelyne alichomwa sindano ya usingizi mbele ya kioo, wakalala wote wawili. Yule wa kwenye kioo alikuwa amepangika kama watu wengine. Daktari akampasua huyo, akamshona nyuzi saba. Emelyne wa kitandani akaamka mzima, hana hata mkwaruzo.

Kioo kilirudishwa saluni na mgonjwa wake ndani, maana mshono mbichi hausumbuliwi. Wateja walimpa pole, wakasogea pembeni kusukwa. Ila kule Sibwesa, Emelyne akiinamia beseni la maji hakumwona mtu, na upweke ukamzidi.

Siku ya kutoa nyuzi alipitia mapokezi, akaomba faili lirekebishwe. Amosi alilisoma lote.

“Mama, mbona liko sawa? Moyo unalia.” Akamwonyesha mlango wa ustawi.

Emelyne alivuka barabara. Yule wa kwenye kioo aliinuka taratibu, mkono kwenye mshono. Wakaegemeana vifua, wake wa kulia na wa mwenzake wa kushoto, na mioyo ikakutana.

Daktari Evarist alipofika na mkasi, Pudensiana alimwambia akae kwenye benchi, asubiri zamu.