Mpiga Kelele wa Kilimani

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha kufulia nguo, mahali ambapo kila mpangaji wa mtaa wa Hagsätra, Stockholm, hupita atake asitake. Lilisema kwamba halmashauri ya mtaa inakusudia kujenga uwanja wa mbwa wenye uzio juu ya kilima kilichoko nyuma ya majengo, na kwamba wakazi wote wanaalikwa mkutanoni mwezi huu wa Aprili 2009 kutoa maoni yao. Chini kulikuwa na picha ya mbwa aliyetoa ulimi kana kwamba anacheka. Hortense alilisoma mara mbili, kapu la nguo mbichi likiwa kiunoni, na moyo ukamshuka.

Kilima chenyewe, tuseme kweli, si kitu cha kumsimamisha mtu. Ni kibiongo cha mwamba chenye misonobari kandokando na kiwanja cha nyasi katikati, kikubwa kama darasa. Lakini kwa miaka mitatu, kila Jumamosi asubuhi, Hortense na wanawake wengine wanne wa kanisa lao walikuwa wakipanda pale kusali. Na hawa ni wanawake wa Uvira na Bukavu, huko Kongo, pamoja na Mganda mmoja. Kunong'ona si kusali kwao. Husali wote kwa pamoja, wakienda na kurudi, wakipiga makofi na kumkaripia shetani kama mtu anavyomkaripia mbuzi aliyeingia kwenye maharage. Huko kwao mtu mwenye jambo zito hupanda mlimani akasali mpaka limtoke, na hakuna anayemwuliza. Hapa Stockholm mlima haukuwepo, wakaridhika na kilima.

Hortense alikuwa na lake zaidi ya wenzake. Mumewe, Aristide, alikufa kwa homa njiani walipokuwa wakikimbia vita, katikati ya shamba la migomba, na wenye bunduki walikuwa karibu kiasi kwamba harufu ya sigara zao ilifika. Walimzika haraka haraka. Mama mkwe alimtia Hortense kitambaa mdomoni asije akawauza kwa kilio chake, na kilio kikabaki ndani kama kilivyo.

Alijaribu kukitoa mara moja, miaka mingi baadaye, katika nyumba yake ya ghorofa ya tatu. Hata robo saa haikupita, walinzi wawili waliovaa sare wakabisha hodi, wapole kabisa, wakauliza kama kuna mtu anayempiga. Binti yake Arielle, wakati huo akiwa na miaka tisa, ndiye aliyewajibu kwa Kiswidi huku mama akijifuta uso na upande wa kitenge. Walipoondoka, mtoto akasema, "Mamma, snälla," yaani tafadhali usirudie tena, na Hortense akaona aibu mpaka akashindwa kula.

Basi siku alipopanda kilima kwa mara ya kwanza na wenzake, maombi yalipokwisha, alibaki nyuma akaliita jina la mumewe kwa nguvu zake zote. Hakuna aliyebisha hodi, maana hapakuwa na mlango. Aliteremka akanunua maziwa, akaenda kulala, akalala usingizi wa mtoto mchanga. Tangu hapo kila Jumamosi wenzake walimwachia zamu yake ya mwisho, naye aliita, kisha wakarudi nyumbani. Mahali hapo ndipo halmashauri ilipotaka kuwapa mbwa.

"Hatukubali," alisema Noeline, yule Mganda, alipoonyeshwa tangazo. Noeline alikuwa dereva wa basi, mwanamke mwenye breki nzuri kazini na asiye na breki hata moja mdomoni. "Tutakwenda huko, tutasema tunaogopa mbwa. Mzungu wa huku ukimwambia unaogopa, anakaa kimya anakusikiliza. Mimi nitasema. Wewe kaa kando yangu, tingisha kichwa tu."

"Lakini miye siogope imbwa, yaya. Kwetu tulikuwa nazo mbili," alisema Hortense, akimwita yaya kama kwao wanavyomwita dada mkubwa.

"Nani amekuuliza? Ogopa siku moja tu, dada yangu, halafu uache."

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kulia chakula wa shule, jioni, jua bado likiwa madirishani. Palikuwa na kahawa na mikate ya mdalasini. Wenye mbwa walikaa upande mmoja, wenye watoto wadogo upande mwingine, na katikati wakakaa wale ambao ungesema wamefuata mikate. Mwenyekiti alikuwa kijana wa halmashauri aliyevaa sweta, na mbele yake aliweka kisaa cha jikoni, kile cha kuchemshia mayai. Kila mtu dakika mbili, alisema, na kila mtu kwa zamu.

Baba mmoja akasema watoto wake hawawezi tena kucheza nje kwa sababu mbwa wanaachwa bila kamba. Mwenye mbwa akajibu kwamba ndiyo maana wanaomba uzio, waachie mbwa humo badala ya kila mahali. Mama mmoja akasema dawa ni kamba, si uzio. Akajibiwa kwamba mbwa akifungwa kamba maisha yake yote atapata wazimu, na hata yeye mama angepata. Yote hayo yalisemwa taratibu, kwa kuinua mkono, bila mtu kumkatiza mwenzake. Hortense alistaajabu kuona watu wanagombana kama wanaosoma matangazo ya kanisani.

Kisha akasimama mwanamke mzee, mrefu, mwenye koti la mvua, akasema anaitwa Solveig.

"Mimi nautaka uzio kwa sababu nyingine," alisema. "Kuna mtu anapiga kelele kule kilimani Jumamosi asubuhi. Nyimbo nazisikia pia, hizo hazinisumbui. Nasema mayowe. Mwaka jana nilimwachia mbwa wangu, Sixten, akimbie kidogo. Aliposikia yale mayowe alitimua mbio. Siku mbili sikumwona; kungekuwa na uzio asingefika mbali. Alipatikana Rågsved, mtaa wa pili, chini ya ngazi, nyayo zake zinatoka damu. Mpaka leo tukiikaribia ile njia anatetemeka. Sijui ni mlevi au ni mgonjwa, lakini naomba mtu wa halmashauri achunguze."

Watu wakaguna. Chini ya meza Noeline akamfinya Hortense paja, finyo lenye maana moja tu: nyamaza.

Zamu ya Noeline ikafika. Akasimama, akaweka sawa kilemba chake, akafanya kama alivyolelewa. Mtu mwenye adabu haanzi na shida yake. Akamsalimu mwenyekiti na kuishukuru halmashauri. Akawasalimu wazee, akina mama na vijana, akaleta salamu za kanisa na za mchungaji ambaye kwa bahati mbaya yuko safarini Örebro. Akampongeza aliyeoka mikate. Akaishukuru nchi ya Uswidi kwa kuwapokea, kwa amani yake na kwa barabara zake, ambazo yeye kama dereva anazijua vizuri, na kwa kazi ya kuzoa theluji, ingawa hapo, alisema, pana nafasi ya kujirekebisha. Ukumbi mzima ukacheka. Noeline akatabasamu, akavuta pumzi.

"Sasa, kuhusu hawa mbwa," akasema, na kisaa kikalia.

Mwenyekiti akamshukuru sana. Noeline alibaki amesimama, mdomo wazi, kisha akaketi pole pole.

"Dakika mbili ni kitu gani?" alimnong'oneza Hortense kwa uchungu. "Mtu hata kujitambulisha hajamaliza!"

"Kuna mwingine kabla hatujafunga?" aliuliza mwenyekiti.

Hortense hakuamua kuinua mkono. Aliuona tu uko juu, na watu wote wamegeuka. Kiswidi chake kilikuwa cha jikoni kwenye shule ya chekechea alikofanya kazi, cha sahani na sabuni na watoto wanaokataa samaki. Alisimama na hicho hicho.

"Ninaitwa Hortense," alisema. "Anayepiga kelele ni mimi."

Noeline akajifunika uso kwa mikono miwili.

"Silewi. Siumwi. Mume wangu alikufa njiani, wakati wa vita. Hatukuweza kulia, kwa sababu watu wenye bunduki wangesikia. Hapa nyumbani kwangu siwezi, kwa sababu majirani wanasikia. Kule juu nilifikiri hakuna anayesikia." Akamgeukia Solveig. "Sikujua kwamba mbwa anasikia. Naomba unisamehe kwa miguu ya Sixten. Lakini mkiniondoa pale, sina mahali pengine."

Kisaa kikalia. Mwenyekiti akakinyamazisha kwa kiganja, akakitia mfukoni. Watu waliangalia vikombe vyao. Hortense alikaa, akatamani ardhi ipasuke immeze yeye na kiti chake. Alikuwa ameitoa siri ya maisha yake mbele ya watu wenye mikate mdomoni, na sasa hata huruma yao asingejua aiweke wapi.

Solveig peke yake hakuangalia kikombe.

"Alikuwa anaitwa nani?" aliuliza kutoka upande wa pili wa ukumbi.

"Aristide."

"Aristide," alirudia mzee, akijaribu kulitamka sawasawa, kisha akakaa.

Jina hilo lilikuwa limeulizwa na watu wengi wa ofisi, wapate kulijaza kwenye fomu zao. Hortense hakukumbuka hata mmoja aliyeliuliza na kuishia hapo.

Hata hivyo asidhani mtu kwamba halmashauri nzima ililia ikafuta mpango wake. Baada ya kahawa ya pili kijana wa sweta alitangaza kwamba kilima ndicho mahali pekee penye uwanja tambarare ulio mbali na madirisha ya watu, na kwa hiyo uzio utajengwa pale pale. Noeline akaruka juu bila kuinua mkono. Akataka ubao uandikwe kwamba Jumamosi asubuhi ni ya waombaji. Kijana akasema anaelewa, anasikitika, lakini uwanja wa mbwa ni wa mbwa, na hakuna kanuni inayomruhusu kuandika jambo kama hilo.

"Basi tumekwisha," alisema Hortense kwa Kiswahili, akichukua mkoba wake.

Solveig alikuwa akivaa koti lake. Hakumwambia mwenyekiti neno. Aliwageukia wenzake wenye mbwa tu, kwa sauti ya mtu anayekumbusha zamu ya kufua.

"Jumamosi sisi hatuanzi kabla ya saa tatu. Sivyo?"

Wakatazamana. Mwanamume mmoja mwenye hereni akasema yeye Jumamosi hulala mpaka saa nne, kwa hiyo hana neno. Mwingine akatikisa kichwa kukubali, na mwingine. Hakuna kilichoandikwa popote.

Uzio ulimalizika mwezi wa sita. Jumamosi ya kwanza wanawake watano walipanda saa moja asubuhi, wakasimama mbele ya lango la waya, wakasoma ubao: funga lango nyuma yako. Kulikuwa na malango mawili, moja ndani ya jingine, ili mbwa asichomoke mwingine anapoingia. Noeline akaangua kicheko mpaka akashika waya.

"Mungu wangu! Mama angeniona leo! Nimevuka bahari kuja kusali kwenye zizi la mbwa!" Kisha akalikagua lango vizuri. "Lakini shetani hapiti hapa, wallahi. Malango mawili!"

"Yaya, unaapa kama Swabrah," alisema Hortense, na hata yeye akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Swabrah alikuwa jirani yao Mwislamu, na Noeline aliazima viapo kwake kila alipoishiwa vyake.

Wakaingia mmoja mmoja, wakafunga. Wakasali kama siku zote, wakienda na kurudi, na wakati huu uzio uliwakumbusha mahali pa kugeukia. Shetani alikaripiwa vya kutosha. Ilipokaribia saa mbili sauti zilipungua, wenzake wakasogea pembeni wakamwachia Hortense katikati.

Akavuta pumzi, ndipo akamwona Solveig.

Alikuwa kwenye njia, nje ya uzio, hatua chache tu, na Sixten kwenye kamba. Mbwa wa kahawia, masikio marefu, mkubwa kuliko Hortense alivyomfikiria. Alikuwa anatetemeka tayari. Hortense akafunga mdomo.

"Si alisema saa tatu?" Noeline alinung'unika. "Mwambie bado."

Hortense alijua kabisa kwamba sauti yake haitatoka mbele ya mnyama yule. Alimtazama tu mzee, akisubiri apite zake.

Mzee hakupita. Aliinama kwa shida, goti moja kwanza, kisha la pili, akapiga magoti kwenye kokoto zenye umande. Akamvuta Sixten kifuani, akayaziba masikio ya mbwa kwa viganja vyake viwili. Akainua uso.

"Namzoesha," alisema. "Wewe endelea. Tuko tayari."

Hortense alimwangalia mwanamke yule wa umri wa mama yake, magoti kwenye umande kwa ajili ya mtu asiyemfahamu. Akafungua mdomo.

"Aristide!"

Sauti ilikwenda juu ya misonobari, mpaka kwenye majengo. Mbwa akashtuka, makucha yakakwaruza kokoto, mgongo ukajikunja. Solveig akamkumbatia kwa nguvu, akiegemeza shavu lake kichwani pake, akimwambia maneno ambayo Hortense hakuyasikia. Kisha Solveig akaondoa mkono mmoja, taratibu, akangoja. Sixten alitetemeka, lakini miguu yake ilibaki pale pale.

"Hajakimbia," Solveig alisema. Aliurudisha mkono sikioni pa mbwa. "Mwite tena."

Hortense akaita tena.