Kimya cha Chumba cha Mama

"Dada Usingizi, mwambie huyo aliyelala nyuma yako ajigeuze. Anakoroma kidogo."

Alisoma maoni hayo huku kijiko cha chai kikiwa bado mdomoni, akacheka peke yake. Watu wa mtandaoni hawakosi maneno. Lakini chini yake palikuwa na mwingine: "Kumbe si mimi peke yangu ninayemsikia." Na mwingine tena, mama mmoja aliyesema hapati usingizi tangu alipostaafu: "Mimi huyo ndiye anayenilaza, wala si hadithi. Msimwamshe."

Akageuka. Nyuma yake kilikuwepo kitanda cha marehemu mama yake, kimevuliwa shuka, godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Hakuna aliyekilalia tangu mvua zilizopita.

Chumba hiki alikichagua kwa sababu ya kazi tu. Kilikuwa na pazia zito, zulia, na kabati lililojaa nguo ambazo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzigawa. Sauti haikupiga ukutani ikarudi. Zamani alikuwa mpokea simu katika ofisi moja kubwa, mpaka walipoweka sauti ya mashine ipokee badala yake. Akiwa na miaka thelathini na sita, alirudi nyumbani kumuuguza mama. Na kwa kuwa hakubaki na mali nyingine ila hiyo hiyo sauti, akafungua chaneli ya hadithi za kuwalaza watu wazima, akajiita Dada Usingizi. Alizitunga mwenyewe, akazisoma, akazikata, akazipandisha mtandaoni. Hazikuwa na jambazi wala fumanizi. Mtu anakunja nguo alizozianua. Mtu anapaka mlango rangi.

"Sasa mwisho wake nini?" mama alimuuliza alipoisikia ya kwanza.

"Hazina mwisho, mama. Mtu analala kabla."

"Basi umepata kazi kama ya mlinzi wa makaburi. Wateja wote wamelala." Akacheka hadi akakohoa. "Mtu mzima na miwani yake, anaongea na ukuta. Redio, majirani watasema nimekuroga."

Redio ndilo jina ambalo mama alimpa tangu utotoni, alipokuwa haishi kuongea.

Kazi ile ilimfundisha kitu ambacho hakuwa amekifikiria: kila chumba kina kimya chake. Ukikata kikohozi katikati ya sentensi ukaacha tundu, msikilizaji anashtuka kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Kwa hiyo mtu hurekodi chumba bila neno lolote, kwa dakika moja hivi, kisha kile kimya hutandikwa chini ya hadithi nzima kama shuka, na matundu yote yanafunikwa.

"Mama, naomba unyamaze dakika moja."

Mama alivuta pumzi, akajaza mashavu kama mtoto anayepiga mbizi, akatoa macho. Redio alipozima simu aliyorekodia na kusema, "Haya," ndipo alipoiachia, puuu, ndefu, na mwisho wake kifilimbi chembamba. "Nimefufuka," akasema. Ukawa mchezo wao. Bila ile "Haya" hakuiachia, hata machozi yamtoke. Siku moja, akiwa bado anahema, alisema, "Ipo siku nitanyamaza unavyotaka, na wewe ndiye utakayelia."

Rekodi iliyotoka safi kuliko zote ilikuwa ya mchana ambao umeme ulikatika. Friji ilinyamaza, na fundi wa kuchomelea mageti, jirani yao, alikaa bure. Mama alijaza mashavu kama kawaida yake, lakini usingizi wa dawa ulimchukua kabla dakika haijaisha. Redio hakusema "Haya." Alizima simu, akatoka kwa ncha za vidole. Faili ile akaiita Kimya. Hakupata tena nyingine safi kama hiyo, kwa hiyo aliitandika chini ya kila hadithi, kabla ya msiba na baada yake.

Sasa, chai ikimpoelea, alivaa spika za masikioni, akafungua hadithi ya juzi kwenye kompyuta. Akaiondoa sauti yake mwenyewe. Ikabaki shuka. Akaongeza sauti.

Pumzi iliingia. Ikakaa. Ikatoka, na mwisho wake kifilimbi chembamba.

Jinsi alivyokuwa haisikii miezi yote ile, hakuelewa, kisha akaelewa. Alilala nyuma ya ukuta wa chumba hiki tangu utoto wake. Sikio halikisikii kilicholilea.

Hakuifuta. Alijiambia ataifuta kesho. Kesho yake alirekodi hadithi ya mtu anayefagia ukumbi, akaitandika ile ile, akakaa kuisikiliza mpaka jua likahama dirishani. Wafuasi waliongezeka. Wengine walisema wanalala kama mtu aliye na mlinzi chumbani. Mmoja aliandika kwamba juzi alimsikia akikaribia kuamka. Redio aliisikiliza hadithi hiyo mara nyingi, na hakuweza kusema kama ni kweli au si kweli.

Kaka yake, fundi wa mafriji, alikuja Jumamosi mchana, akaingia bila hodi.

"Mke wangu anamlaza mtoto kwa hadithi zako," alisema. Hakukaa. "Jana nimetoka kuoga, nikamsikia mama sebuleni."

"Kaka, ni bahati mbaya. Kosa la kazi."

"Na ulipolijua kosa?"

Redio alifunga kompyuta.

"Kufa kufaana," kaka alisema taratibu, bila kupandisha sauti, na ndiyo maana lilimwingia. "Maisha yake yote aliamka wa kwanza kutuhudumia. Amekufa, bado umempangia zamu. Anawalaza watu asiowajua."

"Wewe una mke, una mtoto wa kulia. Mimi nikiizima ile, nyumba hii inabaki na mngurumo wa friji."

"Friji hiyo niliitengeneza mimi. Haingurumi."

"Inanguruma, kaka."

Walikaribia kucheka. Kisha kaka akasema, "Ifute, Redio," na hilo lilikuwa jina ambalo mama tu ndiye alimwita. Yeye hakuwahi kulitumia.

Redio akapapasa miwani yake, akaivua, akaivaa tena. "Nikiifuta sina kingine cha kutandika. Hadithi zote zitajaa matundu. Nipatie kwanza kimya kingine."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa kisingizio, na wote wawili walilijua hilo. Kaka akakunja mikono ya shati.

Alilitoa godoro, akakifungua kitanda, akaziegemeza mbao zake ukutani kwenye ujia. Akachomoa friji. Akaenda kwa fundi wa kuchomelea, akarudi. "Anakula. Kasema tukimaliza tumpigie mluzi." Redio alifunga dirisha, akavuta pazia, akaweka simu juu ya kigoda pale kilipokuwa kichwa cha kitanda. Safari hii hakutaka mtu yeyote ndani, hata yeye mwenyewe. Akabonyeza, wakatoka, akafunga mlango.

Walisimama kwenye ujia kama watoto waliotolewa nje watu wazima wakizungumza. Kaka aliuegemeza mkono kwenye ubao wa kitanda.

Alipoona muda unatosha alifungua mlango, na kwa mazoea tu, akiwa bado kizingitini, alisema, "Haya." Kisha akaingia, akazima.

Waligawana spika, kila mmoja sikio moja, wameketi sakafuni katikati ya alama nne za miguu ya kitanda.

Kimya kilikuwa safi. Hapakuwa na pumzi. Alingoja kifilimbi mahali ambapo moyo wake ulikuwa umeshazoea kukingoja, pakapita bila chochote, na tena pakapita. Kaka alitikisa kichwa kukubali. "Hicho sasa," akanong'ona.

Bawaba ikalia. Ikasikika sauti yake mwenyewe, ya mbali, kutoka mlangoni: "Haya."

Na papo hapo, karibu kabisa na simu, kabla ya hatua yake ya kwanza: puuu, ndefu, na mwisho wake kifilimbi chembamba.

Kaka hakuitoa spika sikioni. "Ni wewe umehema."

"Nilikuwa mlangoni."

"Basi mimi."

"Wewe ulikuwa nyuma yangu. Simu ilikuwa huku."

"Rudisha."

Akarudisha. Akarudisha tena. Mara ya tatu kaka alijiziba mdomo na pua kwa kiganja, kama mtu anayetaka kuhakikisha.

"Mama alinisimulia mchezo wenu," alisema baadaye. "Ile siku ya umeme. Ulimwambia 'Haya'?"

"Alilala. Sikumwambia."

Kaka alitazama alama za miguu ya kitanda.

Redio alivuta kompyuta. Ile Kimya ya zamani aliiteua, akaifuta, bila kuisikiliza mara ya mwisho. Hadithi zilizokwisha kutoka angezitandika upya, moja moja. Kisha akakikata kimya kipya kabla ya bawaba kulia, akakihifadhi. Kikabaki kile kipande cha mwisho, kifupi, peke yake kwenye kioo, kama unywele kwenye kitana.

"Na hicho?" kaka aliuliza.

Redio hakukigusa. Kaka akainuka ili ampigie mluzi fundi wa jirani. Alikunja midomo, akaikunjua, akabaki amesimama.

Dirisha lilikuwa limefungwa. Pazia lile zito lilivimba kidogo kuja ndani, kama kifua, likakaa hivyo hivyo. Wote wawili walilitazama, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme, "Haya."