Kiti cha Baba Mdogo

Mimi sina subira, na anayesema ninayo hajaniona nikitunga uzi kwenye sindano. Lakini baba aliponiomba nimsaidie kuunda ndege ndogo ya plastiki, ya kuunganisha vipande, niliacha cherehani nikaenda. Zamani alikuwa fundi wa ndege za kivita. Sasa mikono inamtetemeka, hata kikombe cha chai kinamshinda. Alitaka kitu kimoja tu: kumaliza mfano wa ndege ya mdogo wake, rubani aliyeruka vitani asirudi, kabla mikono haijakataa kabisa.

"Usibane sana," aliniambia. "Hiyo si suruali."

"Na wewe baba usinipumulie shingoni."

Basi yeye anaelekeza, mimi nabandika. Rangi alipaka mwenyewe, mkono wa kulia kaushikilia kwa wa kushoto. Mstari wa bawa ukaenda kombo. Nilipotaka kuufuta, alinitolea macho.

"Acha! Hata ile yenyewe ilikuwa na kiraka hapo. Nilikiweka mimi."

Jana niliunganisha nusu mbili za kiwiliwili cha ndege, nikazifunga kwa mpira mpaka gundi ikauka. Leo nimeshika kifuniko cha kioo, nachungulia ndani: kiti kitupu. Kisanamu cha rubani huingizwa kabla ya kioo kufungwa, nami nilikisahau, sijui kiko wapi.

"Mama yangu! Baba, nimeharibu!"

Nikapekua boksi, nikapiga magoti chini ya meza, nikapapasa sakafu nzima. Nilikaribia kulia, maana mikono ile haitaunda nyingine.

Baba akakohoa. Akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akamtoa rubani, mdogo kama kifungo, amepakwa rangi hadi kofia.

"Unaye muda wote? Nagaragara hapa, mtu mzima mimi, wewe unaniangalia tu?"

"Ulikuwa unachekesha." Alicheka, halafu kicheko kikakatika. "Siku ile mimi ndiye niliyempandisha. Nikamfunga mkanda kwa mikono hii, nikauvuta ukakaza. Nikampiga begani, nikamwambia, haya, nenda."

Nikainuka sakafuni, nikashika tena kifuniko.

"Safari hii simfungi," alisema.

Nikabandika kioo juu ya kiti kitupu. Baba akamkalisha mdogo wake mezani, kando ya kikombe. Vidole vikatetemeka, rubani akaanguka. Akamwinua, akaanguka tena. Nilinyoosha mkono nimsaidie, nikaurudisha.

Mwishowe rubani akakaa.