Bustani Iliyouawa na Kulungu

Haya ni kweli tupu. Asiyeamini aende Bremer Hollow akaulize, na bembea yenyewe ataikuta nyuma ya zizi la Wendell Jaeckel, kuku wameigeuza kitanda. Sijaongeza hata punje ya chumvi.

Marlys Skaar alikuwa mjane, mstaafu wa kiwanda cha jibini, mwanamke wa maneno machache, na duniani alibakiwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake Delmar. Watu wa Bremer Hollow walimtaja Delmar kwa sauti ya chini, na walikuwa na sababu. Ujanani, katika kiangazi kimoja, aliwabaka wanawake wawili. Alikamatwa, akakiri, akapewa kifungo kirefu, akakitumikia chote.

Siku ya kutoka ilipofika, hakutoka. Serikali ilikwenda mahakamani ikasema mtu huyu ana maradhi ya akili yanayomsukuma kurudia, na jopo la raia likakubali. Basi akatolewa jela kwa mlango huu, akaingizwa taasisi kwa mlango ule. Waliiita hospitali, ila ilikuwa hospitali yenye seng'enge za miba. Jela ina tarehe ya mwisho, taasisi haina. Kila mwaka wataalamu walimpima, na kila mwaka waliandika kwamba bado. Aliingia na nywele nyeusi tii. Miaka ikapita akawa mzee mwenye nyonga mbovu, anayesukuma fremu ya chuma ndipo apige hatua.

Marlys alikuwa akienda kumwona kila mwezi, theluji isipofunga njia. Mbele za watu hakumtetea. Mtu akimuuliza habari za Delmar, alijibu kwamba anakula vizuri, basi.

Vuli ile jaji alikubali Delmar atoke, lakini kwa masharti: kifaa cha kumfuatilia kwenye kifundo cha mguu, msimamizi kila anapotaka kuvuka kizingiti, na wilaya imtafutie nyumba. Kama nyumba isingepatikana kabla ya Desemba, ruhusa ingekufa na kesi ingeanza upya. Na nani atampangisha nyumba Delmar Skaar? Ofisa wa ustawi wa jamii, dada wa jamii ya Wahmong aitwaye Pakou Lor, alizunguka wilaya nzima mpaka matairi yakabaki mapara kama kichwa cha Wendell. Kila mlango aliambiwa hapana, na mlango mmoja aliambiwa na mbwa.

Marlys alikuwa na nyumba ya marehemu mama yao, tupu, ng'ambo ya malisho kutoka kwake. Lakini kabla ya kumwambia Pakou, alipanda gari akaenda kule kwenye seng'enge. Walikaa mezani na kahawa ya mashine, na akamuuliza mdogo wake jambo ambalo hakuwahi kumuuliza.

"Delmar, ungekuwa wewe ndiye mimi, ungenifungulia?"

Delmar alizungusha kikombe.

"Siku nyingi ndiyo, dada. Siku nyingine sijui. Ndiyo maana kile kifaa wakinifunga sitalalamika."

Marlys aliendesha gari kurudi nyumbani bila kuwasha redio. Angeambiwa "nimepona kabisa", asingemwamini. Lile "sijui" ndilo lililomfanya ampigie Pakou simu asubuhi.

Habari ilifika kwenye baa kabla simu haijakatwa. Wendell Jaeckel, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa na mwenyekiti wa kata, aliitisha mkutano, na ukumbi ulijaa hata jiko la kuni likazimwa kwa sababu ya joto la watu. Walisema kila kitu. Mmoja alisema mtu akishamaliza kifungo amemaliza, na kumfunga kwa kosa ambalo hajalifanya bado ni uchawi, si sheria. Mwingine akamwambia ahamishe basi binti zake wakae jirani na Delmar, halafu aje tena kuzungumza habari za uchawi. Wa tatu aliuliza, kama ilijulikana ni hatari hivyo, kwa nini jaji wa kwanza hakumpa miaka mingi zaidi waziwazi, badala ya kumwongezea kwa mlango wa nyuma? Badala ya kumjibu wakapandisha sauti. Wendell alikemea kwa nguvu mpaka ng'ombe wake, upande wa pili wa barabara, wakajipanga wakidhani ni saa ya kukamuliwa.

Corinne Ziebell alikuwepo, ameegemea ukuta. Alikuwa mmoja wa wale wanawake wawili. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye mvi, dereva wa gari la wilaya la kusukuma theluji, na hakuna aliyethubutu kumtazama usoni. Wendell alitangaza kwamba wanafanya yote hayo kwa ajili yake. Corinne alivaa koti akatoka, na Marlys, aliyekaa karibu na mlango, alihisi upepo wa baridi ukimpiga miguuni.

Sasa, sheria inasema mtu wa namna ya Delmar hawezi kuwekwa karibu na shule, kanisa wala bustani ya umma. Delmar hakuwahi kumgusa mtoto, lakini sheria haikuuliza hilo. Wendell aliijua. Jumanne iliyofuata halmashauri ya kata ilikutana kabla maziwa hayajapoa, ikapokea zawadi ya kona ya shamba mkabala na nyumba ya mama yake Marlys. Aliyeitoa ni Wendell, aliyepokea kwa niaba ya umma ni Wendell, na aliyejishukuru ni yeye yeye. Wakasimika bembea moja aliyoing'oa uani kwa wajukuu zake huku wakilia, benchi moja, na kibao cha BUSTANI YA UMMA. Ilikuwa ndogo, mtu mnene akikaa kwenye benchi, miguu yake iko nje ya bustani.

Pakou Lor alikuja na gurudumu la kupimia umbali. Alilisukuma kutoka kwenye bembea mpaka kizingiti cha nyumba, akarudi akapima tena, labda ardhi ingemhurumia. Haikumhurumia.

"Samahani, mama," alimwambia Marlys.

Marlys alimkaribisha keki ya maboga. Wakala wakiitazama bembea dirishani. Marlys alikuwa amekwisha kupaka rangi chumba cha chini cha nyumba ya mama, kwa sababu Delmar asingeweza ngazi. Aliosha brashi akazirudisha kabatini, na siku chache zilizofuata hakuonekana hata kanisani.

Lakini Wendell alifanya kosa ambalo mtu wa mjini asingelifanya, kwa kuwa mtu wa mjini hana msitu. Nyuma ya kona ile ya shamba ndipo ulipoanzia msitu wenye kinamasi, ambako Bremer Hollow yote huwinda kulungu. Kule kwetu Krismasi huweza kuahirishwa, harusi nayo, lakini Jumamosi ya kufungua msimu wa kulungu haiahirishwi. Wanaume na wanawake huvaa rangi ya machungwa kutoka kofia hadi soksi, wasije wakadhaniwa kulungu, na msiba ukitokea wiki hiyo, familia huombwa kwa heshima isubiri.

Siku nne kabla ya msimu, askari wa wanyamapori alipita barabarani akaona kibao. Alirudisha gari nyuma, akakisoma tena, akaenda kwa Wendell kumuuliza kama kata bado ina ile sheria ndogo ya kukataza kufyatua bunduki karibu na bustani ya umma. Wendell alisema ipo, aliisaini mwenyewe. Kisha akaelewa, akakaa chini.

Msitu mzuri wote ulikuwa ndani ya marufuku. Walijaribu kila njia. Kuifuta sheria ndogo? Mtu wa bima aliwaambia kwenye simu kwamba kata ikiruhusu risasi jirani na bembea ya watoto, itafute bima nyingine. Kuihamisha bustani? Upande wa pili wa msitu ulikuwa mbali mno na nyumba, isingemzuia Delmar. Ama waibakize bustani, wapoteze kulungu. Ama waifute, na Delmar aje.

Mkutano wa pili ulijaa kuliko wa kwanza. Watu walewale waliosema hawatalala usingizi Delmar akija, sasa walianza kukumbuka mambo. Mmoja alikumbuka kwamba nyonga yake ni mbovu. Mwingine alisema vifaa vya siku hizi vya kifundoni ni madhubuti, mtu hawezi hata kujikuna bila setilaiti kujua. Yule aliyemwambia mwenzake ahamishe binti zake aligundua kwamba sheria ni sheria. Marlys alisikiliza, mikono mapajani. Alichokuwa akikitaka kwa miezi kilikuwa kinamjia mezani, na kilikuwa kinanuka.

Ndipo Corinne Ziebell akaondoka ukutani, akasimama mbele.

"Juzi mlisema mnanilinda mimi," alisema. "Leo naona bei yangu. Ni soseji za kulungu."

Wendell alianza kusema, jamani Corinne, akaonyeshwa kiganja.

"Nyamaza, Wendell, hujaniuliza hata mara moja ninachotaka. Kila anapopimwa upya mimi naitwa mahakamani kusimulia upya. Nimesimulia mpaka maneno yameisha ladha. Akirudishwa kule, kesi inaanza, naitwa tena. Akiwa hapa, kwenye ile nyumba, na waya mguuni, nikipita na gari langu nitaona taa yake nijue alipo. Mimi nataka kujua alipo. Ifuteni bustani yenu."

Akageuka, akamtazama Marlys, na huo ulikuwa mtazamo wa kwanza kati yao tangu ujana.

"Simsamehe. Usije ukamwambia nimemsamehe."

"Sitamwambia," Marlys alisema.

"Na mlango wa upande wa barabara ufungwe. Atumie wa nyuma."

"Nitaupigilia misumari mwenyewe."

Mikono ilipanda yote, wa Wendell wa mwisho, na bustani ikafa. Pakou Lor alipima tena siku ya pili, kwa utaratibu tu, hakuna cha kupima. Delmar aliletwa Ijumaa mchana kwenye gari la wilaya, akashuka taratibu na fremu yake, akasimama kwenye majani makavu akivuta hewa hata msimamizi akamwambia inatosha, mzee. Mlango wa barabarani ulikuwa na misumari ya kutosha kujengea meli. Delmar aliiona, akazunguka kwenda mlango wa nyuma.

Jumamosi alfajiri milio ya bunduki ikaanza. Na hapa ndipo penye ajabu. Wendell, aliyekuwa hajawahi kukosa msimu, alijificha kwenye kona ile ile, bembea ikiwa bado imesimama. Ukungu ukafunguka, na dume la kulungu, pembe zenye matawi kumi na manne, likatoka msituni, likakaa kwenye bembea, likabembea taratibu, likimtazama. Bunduki ikamwanguka Wendell. Dume likashuka, likamwinamia kichwa, likaenda zake.

Nilikuwa nimefika hapo tu nikisimulia kwenye baa, Ijumaa, siku yetu ya samaki wa kukaanga, wageni wawili kutoka mji wa Milwaukee wamesahau kumeza, mara meza ya nyuma yangu ikaongea. Alikuwa Marlys, anasubiri chakula.

"Matawi kumi na manne," alisema. "Alikuwa jike, hana hata pembe moja. Alikuwa anakula kabichi zangu, nikamwangusha mimi kutoka barazani kwa kibali changu cha kuwinda. Wendell alikuwa kitandani na mafua."

Wageni walinigeukia. Mwenye baa alishaiweka kengele tayari, maana desturi pale ni kwamba anayekamatwa na uongo hupigiwa kengele, akalipia meza yake na ya aliyemkamata. Nilijaribu kueleza kwamba yaliyobaki yote ni kweli, na ni kweli. Corinne mwenyewe alikuwa kaunta, akatikisa kichwa kukubali, ila hakugeuka.

"Lipa," Marlys alisema. "Na nifungiwe mafungu mawili ya samaki. Haruhusiwi kuingia kwenye baa, na tangu aje anaulizia samaki."

Nilitoa pochi. Mwenye baa aliuliza hilo la pili ni la nani, akijua fika, ili tu nilitaje jina kwa mdomo wangu mbele za watu.

"La Delmar," nikasema, nikalipa.